Ndugu wa Ukutani

Jina letu la ukoo limetoka Uskoti. Sitalitaja hapa, kwa sababu lina wenyewe wengi kuliko sisi, na baadhi yao ni watu wakubwa wasiojua hata kama kuna mahali panaitwa Masasi. Linaanza na Mak-, kwa hiyo karani mgeni akilisikia hudhani ni la hapahapa kusini, kama Makonde na Makua, akaliandika haraka bila kuuliza. Shida tuliipata sisi tuliokwenda sekondari. Mwalimu wetu wa Kiingereza alilitamka kizungu mbele ya darasa, watu wakacheka, na mimi nikaitwa Mzungu mpaka nilipomaliza kidato cha nne. Mzungu mwenyewe mweusi kama chungu cha kisamvu.

Baba hakuwahi kulionea haya jina lile. Alikuwa dereva wa lori la ushirika, na zamani hizo ukisema "dereva wa ushirika" umesema jambo. Msimu wa korosho alitoka Chiungutwa akaingia Nanganga, kesho yake akapanda mlima kwenda Newala, na kila kijiji kulikuwa na nyumba iliyomwekea sahani. Kisha ikaja ruksa. Wafanyabiashara binafsi wakaingia na magari yao na mizani zao, ushirika ukayumba, malori yakabaki yamepandishwa juu ya magogo bila matairi, na baba akapunguzwa kazini. Walimpa hotuba na baiskeli. Siku aliyorudi na ile baiskeli hakuwa tena dereva wa kitu chochote. Alibaki na jina tu, na ndipo alipoanza kuwatafuta wenzake wanaolitumia.

Ruksa hiyohiyo iliyomnyang'anya lori ndiyo iliyomletea ndugu. Zamani gazeti lilifika Masasi limechakaa na habari zake zimeshapoa. Sasa magazeti yakawa mengi hata muuza maandazi akawa anachagua la kufungia. Marobota ya mitumba yalikuja na kurasa za majarida ya Kiingereza zilizosokomezwa ndani ya viatu ili visibonyee. Karibu na stendi ilifunguliwa hoteli yenye dishi juu ya paa, na watu walinunua soda moja wakaishika mpaka mpira wa Ulaya uishe. Baba alizunguka kote huko. Akiliona jina, au akilisikia likitajwa, alirudi nyumbani anatembea upesi, na mimi niliyekuwa nimemaliza shule nangoja kazi isiyokuja nikaitwa nisome.

Sebule yetu ilikuwa na ukuta mmoja usio na dirisha. Hapo ndipo aliwabandika, kwa gundi ya uji wa unga wa muhogo. Kulikuwa na mchezaji wa mpira mwenye matege. Kulikuwa na jenerali wa vita vya zamani, masharubu yake yamevuka mashavu. Kulikuwa na mama mmoja daktari aliyegundua jambo fulani kuhusu damu, nimeshasahau ni jambo gani, na mwenye kiwanda cha biskuti ambaye hakuwa na picha ila kipande cha boksi lake. Tulikuwa hata na jambazi aliyevunja benki huko Australia. Huyo alimpa baba taabu. Alikaa naye mapajani mchana kutwa, akamgeuza huku na huku, mwishowe akasema, "Ndugu ni ndugu. Utamkata?" Akachovya kidole kwenye uji.

Mende waliupenda sana ule uji. Jenerali alipoteza sikio na nusu ya masharubu. Mama yangu, Mmakua wa Nanganga asiye na subira na mambo ya kubandika, alikuwa akisema hao ndio wageni wa kwanza kuwaona wanaliwa wao badala ya kula. Alimwita baba kwa jina la dada yangu mkubwa, kama desturi, Baba fulani, na alipotaka kumchokoza alimuuliza ndugu zake wa ukutani wameamkaje.

Mmoja tu ndiye aliyetunyamazisha. Alikuwa mkimbiaji wa kutoka visiwa vya Karibi, mweusi kuliko sisi, medali shingoni, na jina letu limeandikwa chini ya picha herufi kwa herufi. Nilimsomea baba maelezo yote. Hakusema, "Huyu ni wetu," kama alivyosema kwa wengine. Aliishika ile karatasi muda mrefu.

"Hawajaandika wazee wake walitoka wapi?" akauliza.

"Hawajaandika."

"Hata yeye hajui," baba akasema.

Akambandika chini kabisa, mbali na jenerali, usawa wa macho yake akiwa amekaa kitini. Nilifikiri ni kwa sababu juu nafasi ilikuwa imekwisha.

Basi dada yangu alikuwa anafundisha shule ya msingi huko Chiungutwa. Ni mtu wa maneno machache na msimamo mgumu, baba mtupu, ingawa ukimwambia hivyo hapendi. Huko Chiungutwa akajuana na kijana mmoja wa Mkunya, kule Newala, fundi wa kupulizia mikorosho. Miaka hiyo ushirika haukuwa tena na uwezo wa kumhudumia mkulima, kwa hiyo mwenye mashine ya kupulizia dawa ya salfa alikuwa mtu wa kutafutwa. Kijana aliteremka kutoka mlimani na mashine yake mgongoni, akapuliza mashamba ya watu, na ikifika jioni amejaa unga mpaka kwenye kope. Dada alinisimulia habari zake zote, anavyocheka, anavyokula, anavyoogopa mbwa. Jina lake la pili hakunitajia. Nilipomuuliza baadaye kwa nini alilificha, alinijibu, "Nilijua baba atafurahi kupita kiasi." Na hakukosea.

Walikubaliana kijana aje kwanza kusalimia tu, ajulikane sura, ndipo amtume mshenga. Akaja Jumapili baada ya ibada, shati limepigwa pasi, mkononi ana mfuko wa ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa, ambayo ya Newala ndiyo tamu. Baba alikuwa barazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu. Mtoto wa nani wewe, na watokea wapi?"

Kijana akasema ametokea Mkunya, akataja jina lake, akataja la baba yake, akamalizia na lile la ukoo. Baba akasimama. Tangu apunguzwe kazi sikuwa nimemwona akisimama namna ile, mara moja, bila kushika magoti.

"Umesema nani?"

Kijana akarudia.

"Ndugu yangu," baba akasema, akamkumbatia.

Hakuna aliyepata nafasi ya kusema neno. Mama akaitwa, majirani wakaitwa, kijana akashikwa mkono akaingizwa sebuleni akatambulishwa kwa ndugu zake wa ukutani mmoja mmoja, jambazi naye hakurukwa. "Hawa wote ni wa kwetu," baba akamwambia, "lakini wewe ndiye wa kwanza kuja kwa miguu yake." Kuku akakamatwa. Kabla kuku hajaiva baba alishafanya hesabu zake za vizazi, akaona kwamba huyu ni mdogo wake, akatuita sisi mabinti tuje tumsalimie baba yetu mdogo.

Nilitangulia mimi. Nilipiga goti, nikasema shikamoo baba mdogo, nikainuka haraka nisije nikaangua kicheko. Kisha akaja dada. Alikuwa na jagi la maji ya kunawa, na hakuinua macho. Alipiga goti mbele ya mwanamume aliyekuwa amemwahidi kumuoa, akasema, "Shikamoo baba mdogo."

Kijana akawatazama majirani. Mtu aliyekuja kwa adabu kutafuta mke hawezi kuanza kwa kumkanusha mwenye nyumba mbele ya majirani. "Marahaba," akaitikia. Marahaba hiyo ndiyo iliyotuponza.

Mama peke yake ndiye aliyefanya yanayofanywa kwao. Alipoleta ugali aliinama karibu na mgeni akamuuliza kwa sauti ya chini, "Na mama yako, baba, ni wa nihimo gani?" Kwa Wamakua nihimo ndio ukoo wenyewe, na hautoki kwa baba, unatoka kwa mama. Mgeni huulizwa hilo kabla hajapewa pa kulala, ili ijulikane kama ni ndugu, au mtani, au mtu unayeweza kumwoza binti yako. Wamakonde wa Newala nao wana koo zao za mama, huziita kwa neno lao, na wakikutana na Wamakua huelewana. Kijana akataja la mama yake. Halikuwa letu wala halikukaribiana na letu. Mama akaitikia kwa kichwa, akanitupia jicho mimi, akarudi jikoni. Alikuwa ameshajua kilichomteremsha yule kijana kutoka mlimani.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo kanisani, baba alisimama akawaeleza waumini kwamba amempata ndugu yake wa Mkunya aliyekuwa amepotea. Watu wakapiga makofi. Siku chache baadaye mshenga akabisha hodi.

Mwanzoni baba alicheka, akidhani ni utani. Alipoona mshenga hacheki, uso ukambadilika. Akasema mtu haoi binti wa kaka yake, na kwamba waliomtuma wakamuulize kijana mwenyewe kama hakuitikia shikamoo ya binti huyohuyo katika nyumba hii. Mshenga akaaga akaondoka bila kumaliza hata maji.

Dada alikuja kwa baiskeli kutoka Chiungutwa, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakukaa.

"Baba, jina la kizungu si damu."

"Nani kasema damu? Nasema nihimo."

"Nihimo letu sisi ni la mama."

"Lenu, ndiyo," baba akajibu, akatoka nje akaenda kusimama karibu na banda la kuku, ambako hakuwa na kazi yoyote.

Hatukulitilia maanani jibu lile. Tuliona ni ubishi wa mtu aliyeshindwa. Mimi nilimkasirikia baba, na hasira zangu si za kificho. Nilimwambia mama kwamba amechanganyikiwa tangu lori liondoke, kwamba anamtoa dada kafara kwa ajili ya jenerali asiye na sikio. Mama akaniambia nichambue mchele.

Kwetu mwenye neno la mwisho katika ndoa ni mjomba. Kaka yake mama akaja kutoka Nanganga, mtu mpole anayeuza chumvi na sabuni kando ya barabara, akasikiliza pande zote akasema jambo ni jepesi: nihimo mbalimbali, waoane. Lingekuwa limekwisha hapo, lakini habari ya lile tangazo la kanisani ilikuwa imeshapanda mlima. Huko Mkunya kijana alikuwa na bibi yake mzaa baba, aliyemlea, naye akasema hampokei mke ambaye baba yake amesimama mbele ya Mungu na watu akamwita mume wake ndugu. Nyumba kama hiyo haizai watoto, inazaa kesi. Aliyeufunga undugu huo aufungue kwa mdomo wake, mbele ya bibi mwenyewe. Atateremka Masasi mara moja tu. Asipofungua, mjukuu wake atatafutiwa mwingine.

Dada akaniambia tukiwa tunafua, bila kuinua kichwa kutoka kwenye beseni, "Asipofungua, mimi nitaondoka hapa na sitarudi. Hata akifa." Nilimjua dada yangu. Baba naye alimjua.

Mjomba alijaribu tena. "Shemeji, ni maneno mawili. Sema ulikosea."

"Sikukosea," baba akasema, na siku zile zote zilizobaki hakuongea zaidi ya salamu. Alikaa kitini mwake akitazama ukuta, upande wa chini.

Bibi wa Mkunya alifika asubuhi moja na mshenga. Alikuwa mdogo wa umbo, ana chale za kizamani usoni na tundu la ndonya, kile kipini cha wanawake wa Kimakonde, limebaki juu ya mdomo, na msalaba wa mbao shingoni. Tulimtandikia mkeka nyuma ya nyumba, mahali mama alipoanikia korosho, baba na mjomba wakakaa naye. Alipewa maji, akayanywa yote, akasema sisi wa Masasi tuna bahati, kwao Newala maji huyangoja yateremke kutoka kwenye bati. Kijana mwenyewe alibaki kwa jirani, ndivyo adabu inavyotaka. Dada alikuwa jikoni, mlango wazi. Mimi nilisimama mlangoni hapo, nikisikia pande zote.

Bibi hakuzunguka. "Hili jina," akasema, "kwetu lilikuja hivi. Baba yake mume wangu alikuwa mpagazi wa mzungu mmoja wa misheni, fundi seremala, wa Uskoti. Alimbebea sanduku la misumeno kutoka hapa mpaka Newala. Akabatizwa, akaulizwa jina la pili, akataja la bwana wake, ndilo alilolijua. Basi. Sisi tunalitumia shule na hospitali. Tukizika, tukioza, tuna koo zetu. Sasa wewe, mwanangu, la kwako lilikujaje?"

Swali hilo tulikuwa na jibu lake, kwa sababu baba alitulea nalo: bibi yake alilelewa na wamisheni. Alilisema kila mara kama mtu anayesema alilelewa ikulu. Nilingoja aliseme. Badala yake alivua kofia.

"Lilikuja kwa mama," akasema. "Na mama alilipata kwa mama yake."

Mjomba akageuka kumtazama. Majina ya kizungu hushuka kwa baba, kila mtu anajua hivyo, na katika miaka yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza kwa nini jina la baba halikuwa la baba yake.

"Bibi yangu hakuzaliwa hapa," baba akaendelea. "Aliletwa na wamisheni, yeye na mateka wengine walioachiwa. Alikamatwa mdogo mno. Alikumbuka mama yake alikuwa anamwogesha kwenye mto. Mto gani, hajui. Lugha yao ilishamtoka, jina la mama yake lilishamtoka. Siku ya kubatizwa yule mzungu fundi ndiye aliyesimama naye. Akamwambia kwa mkalimani, ukiulizwa wewe wa nani, sema wangu. Kisha mzungu akafa kwa homa. Lakini bibi aliendelea kusema hivyohivyo maisha yake yote. Mimi nilikuwa nafuatana naye kisimani. Wanawake wageni wakimuuliza nihimo, kama mnavyoulizana, alitaja jina la yule mzungu. Wengine walicheka. Wengine walinyamaza, na hao ndio walioelewa. Tukirudi ananiambia, hilo ndilo nihimo letu. Usioe mwenye jina hilo. Na mwenye jina hilo akija mlangoni, usimkatae."

Jikoni dada alikuwa ameacha kusonga ugali.

"Huyu kijana alikuja mlangoni," baba akasema. "Kwa hiyo sikukosea nilipomwita ndugu, na hilo siwezi kulifuta. Lakini kijana ana nihimo la mama yake, na binti yangu ana la mama yake. Wao wana kwao. Hili langu si nihimo. Ni jina la mtu mwema aliyekufa, tukalishika kwa kukosa lingine. Bibi hakuwa na nihimo, mama hakuwa nalo, mimi sina, na sina dada wa kumwachia. Wenye jina hili si ukoo. Wanaweza kuoana. Nimefungua."

Nimesoma vitabu kiasi tangu siku ile. Nimesoma kwamba hata huko Uskoti kwenyewe si wote waliobeba jina moja walikuwa wa damu moja. Mnyonge alijiweka chini ya mwenye nguvu, akalichukua jina lake ili asiguswe, na wajukuu wakasahau. Nilipolisoma hilo nilitamani nimsomee baba, lakini alikuwa ameshatutoka. Siku ile pale mlangoni sikujua lolote. Nilijua tu kwamba katika nyumba yetu, sisi watoto na mama tulikuwa na ukoo unaojaa mpaka Nanganga, wajomba, mama wadogo, watani wa kututukana misibani, na baba alikuwa amekaa katikati yetu peke yake miaka yote hiyo.

Bibi wa Mkunya hakusema pole. Alinyoosha mkono akamgusa baba gotini.

"Umefungua vizuri, mwanangu," akasema. Kisha akamgeukia mjomba, wakaanza kuzungumza mambo ya ndoa kama watu wanaozungumza mambo ya ndoa.

Dada akatoka jikoni, mikono ina unga. Alikuwa ameshamwamkia baba asubuhi, kwa ubaridi, kwa kutimiza wajibu. Akapiga goti mbele yake tena. "Shikamoo baba," akasema. Baba akaitikia.

Wageni walikula wakaondoka mchana, ili bibi awahi gari la Newala. Mjomba akawasindikiza. Baba alibaki palepale juu ya mkeka, kofia mapajani, na mama akawa anakusanya vyombo kumzunguka. Alionekana kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Mwishowe akasema, bila kumtazama mama, "Sasa umejua uliolewa na nani."

"Nilijua," mama akasema.

"Ulijua nini?"

"Siku ulipokuja kwetu kuposa, mama yangu alikuuliza nihimo. Ukataja jina la mzungu. Ulidhani hakuelewa?"

Baba akainua uso. "Alinyamaza."

"Alinyamaza."

"Na akakuoza kwangu?"

Mama aliweka sahani chini. "Wajomba walikataa. Walisema huyu hana watu, tutamzika na nani. Mama akawaambia, wanaume wenye nihimo tunawajua. Akikwaruzana na mkewe kidogo anabeba jembe lake anarudi kwa dada zake. Huyu hana dada wa kumrudia. Huyu atakaa."

Nilimwona baba anaipitia kichwani miaka yote, msimu kwa msimu, mpaka akafika pale mkekani.

"Na nimekaa," akasema.

"Umekaa," mama akajibu. "Kuna siku niliomba Mungu angalau akupe dada mmoja, uende ukamtembelee kidogo."

Baba akacheka. Alicheka mabega yakatikisika, na katikati ya kicheko nikaona anafuta machozi kwa kofia, na mama, badala ya kuinua sahani zake, akakaa chini karibu naye.